Kutengeneza slaidi nyeusi na nyeupe nyumbani

Filamu nyeusi na nyeupe inaweza kusafishwa nyumbani ikatoa slaidi ya kuwekwa moja kwa moja kwenye projekta. Dawa ya kwanza ya kusafishia hugeuza chembe za chumvi ya fedha zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Kisha, badala ya kuondoa chembe zilizobaki kama tufanyavyo tunapotaka negativu (picha ambayo mwanga na kivuli vimegeuzwa), tunaiyeyusha ile fedha yenyewe kwa pamanganeti ya potasiamu yenye asidi ya salfa, na zile zilizobaki tunazimulika na kuzisafisha upya. Palipopata mwanga mwingi hubaki chembe chache, kwa hiyo panang'aa, na kivuli kinakuwa cheusi.

Kwa maoni yangu, kazi yote huamuliwa na dawa ya kwanza. Inatakiwa iwe kali, ndiyo maana wengi hutumia dawa ya kusafishia karatasi za picha, nayo huongezwa “haipo” (hypo, yaani thayosalfeti ya sodiamu) kidogo ili iyeyushe chembe ndogo ambazo zingeutia ukungu weupe wa picha. Anayetoka kwenye negativu inambidi ageuze mazoea yake: akiitoa filamu mapema slaidi inakuwa nzito na ya giza, akiichelewesha inapauka, na hakuna hatua ya baadaye itakayoliponya kosa hilo. Filamu ya Fomapan R 100 ya Jamhuri ya Cheki ilitengenezwa kwa kazi hii na plastiki yake ni angavu. FP4 Plus ya Ilford nayo inafaa, ingawa plastiki yake ina ukijivu kidogo.

Kwetu Mombasa adui mkubwa ni joto. Pamanganeti na asidi hulainisha jelatini, yaani utando unaoshika picha kwenye filamu, na maji ya bomba yakiwa karibu nyuzi 30 picha inaweza kuvimba na kubanduka, kwa hiyo chupa zote, pamoja na maji ya kusuuzia, naziweka kwenye beseni la barafu hadi zifike nyuzi 20. Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, tena kwa glavu na miwani. Pamanganeti na asidi huhifadhiwa mbalimbali na kuchanganywa wakati wa kutumia tu. Filamu hutoka humo na madoa ya kahawia, lakini ikiingia kwenye metabisalfaiti ya sodiamu, gramu 25 kwa lita, madoa hutoweka na filamu inabaki na rangi ya maziwa, huku picha ikionekana kwa mbali. Hapo ni laini mno, ukucha ukiigusa inachubuka. Daikromati, ambayo wengine huitumia badala ya pamanganeti, haiilainishi jelatini kiasi hicho, ila husababisha saratani na ni sumu kwa viumbe wa majini, nami siwezi kuimwaga kwenye shimo la maji machafu jirani na visima vya watu.

Hatua zilizobaki ni nyepesi. Filamu humulikwa kwa taa pande zote mbili bila hofu ya kuzidisha, husafishwa kwa dawa ileile isiyo na haipo mpaka iive nyeusi, hupitishwa kwenye fiksa (dawa inayoondoa chembe zozote zilizosalia), husuuzwa, na ikishakauka hukatwa na kutiwa kwenye fremu.