Kadi ya Kura na Orodha ya Mtaa

Tarehe 27 Novemba 2024, siku ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, jirani yangu anayeuza maandazi alirudi kutoka kituoni na kadi yake ya mpiga kura mkononi, ile aliyoitunza tangu mwaka 2015 ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wanawe. Jina lake halikuwamo. Nilimweleza kwamba kadi ni halali, ila ni ya kuwachagulia rais, wabunge na madiwani. Ili kumchagua mwenyekiti wa mtaa alipaswa kujiandikisha katika orodha ya wakazi kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, kazi iliyosimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, si Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, haya unaniambia leo?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli gari la matangazo lilipita, lakini lilipita saa nne asubuhi, wakati nusu ya mtaa wako kazini, na lilihimiza tu watu wajiandikishe bila kutaja daftari lipi. Na huyo mwenyekiti ndiye tunayemhitaji kuliko mbunge, kwa kuwa bila barua yake ya utambulisho kumdhamini ndugu aliyeko polisi ni shida.

Kwa hiyo Tume ilipokuja kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura jijini Dar es Salaam, tarehe 17 hadi 23 Machi 2025, mimi na vijana watatu tulipiga hodi nyumba kwa nyumba kila jioni, baada ya kuomba ruhusa ofisi ya mtaa na kukubaliana kwamba hakuna atakayevaa fulana ya chama chochote (mmoja alinuna, akabadilisha). Kazi kubwa haikuwa kuhimiza, bali kupambanua: mwenye kadi nzima ambaye hajahama abaki nyumbani asijaze foleni, aliyehama, aliyepoteza kadi, au atakayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya kura ndiye aende. Wapangaji wengi waliamini kwamba mtu huandikishwa kwao alikozaliwa tu. Kituoni nilimkuta fundi mwashi mzee ambaye saruji ilikuwa imemla alama za vidole, akinawa na kujaribu tena huku waliokuwa nyuma yake wakiguna, hadi mashine ikamkubali.

Siku ya mwisho mama maandazi alimleta binti yake, ambaye angetimiza miaka 18 mwezi Agosti. Walipotoka, aliigeuzageuza kadi mpya na kuuliza kama itamfaa binti kumchagulia mwenyekiti wa mtaa mwaka 2029. Nikamwambia haitamfaa, itabidi aandikwe tena.

"Basi safari hiyo," akasema, "uje mapema."