Siku moja na kijiti cha kupimia mafuta

Saa 11 na nusu alfajiri nipo kwenye boza, nakinga mafuta ya chini kwenye chupa. Avgas, petroli ya ndege ndogo, ni ya buluu. Maji yakiwemo hutuama chini, na nikiona hata tone namwaga, nakinga upya. Kufikia saa 2 nimeshajaza ndege nne. Wengi hudhani kazi hii ni sawa na ya kituo cha petroli. Gari likiishiwa mafuta, unalisukuma pembeni.

Saa 2 na robo ikaja Cessna 206, rubani kijana, abiria watano wameshafunga mikanda.

"Dada, weka lita 40 tu, tumechelewa."

"Kapteni, naomba nipime kwanza."

"Geji inasema nusu. Fomu ya jana nayo inasema nusu."

Nusu yake ni kama lita 165. Nikafunga waya wa ardhi wa kuzuia cheche, nikapanda ngazi, nikachovya kijiti. Bawa la kushoto 38. La kulia 32. Nikamwonyesha kijiti kikiwa bado kimelowa: 70, ukiongeza 40 ni 110. Mbugani ni saa moja kwenda, saa moja kurudi, kule hakuna mafuta, na ndege hii hula lita 60 hivi kwa saa.

Akampigia mwenye ndege. Sauti ikafoka: uzito, mizigo, wageni wameshalipa. Dakika 40 nimesimama juani na mpira wa mafuta mkononi, abiria wakinitazama kama mkosaji. Mamlaka ya kuzuia ndege sina, namimina nilichoagizwa. Lakini sisahau Novemba 2016, ndege ya shirika la LaMia la Bolivia iliyobeba timu ya soka ya Chapecoense ya Brazil. Safari ilipangwa kuchukua saa 4 na dakika 22, na mafuta kwenye karatasi yalikuwa ya saa 4 na dakika 22. Yaliisha karibu na Medellín, Kolombia, wakafa watu 71.

"Nitakuwekea 40, Kapteni, ila uandike kwa mkono wako kwamba umekiona kijiti."

Akanyamaza. "Weka 100, dada." Mabegi mawili yakabaki.

Fomu yangu ina nafasi ya lita nilizomimina na sahihi, basi. Nilichopima hakina pa kuandikwa, na mkaguzi akija huhesabu sahihi. Nikaandika 70 pembeni.

Baada ya hapo ni ndege za Caravan, moja baada ya nyingine, chai iliyopoa, mgongo unawaka, saa sikuitazama tena.

Jua likishuka akarudi yule kapteni. Upepo ulikuwa wa mbele, akasema, kisha akanishikia ngazi mwenyewe. Nikachovya mabawa yote mawili. Jumla lita 38.