Kusi lilivyonifanya nihesabu misumari ya bati

Jamani mwezi wa sita mwaka jana kusi (ule upepo mkali wa kutoka kusini) lilivuma mpaka bati la jirani likahamia kwetu. Saa kumi usiku hivi, nimelala zangu, nasikia juu kama mtu anaburuza sufuria, afu kishindo, kutoka nje na tochi (kosa la kwanza hilo, ntalieleza) nakuta bati limekata kamba ya nguo limejichomeka kwenye migomba. Ile migomba ndo watoto wanachezea pale jioni.

Asubuhi akapita babu wa nyumba ya pili, mvuvi mstaafu wa hapahapa Bagamoyo. Shikamoo babu, marahaba, bati la nani hili? Akalishika ukingo, akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari, yapo manne tu bati zima. Akasema, "Huyu fundi kagonga kwa kukadiria, mjukuu wangu. Pembeni hana kitu, na upepo unaanzia pembeni."

Mi siku zote nilikua najua upepo unasukuma nyumba kumbe kwenye paa unavuta, unapita kwa kasi juu ya bati unalinyonya kwenda juu, na kwenye kingo na kwenye kofia (kule juu kabisa pande mbili za paa zinapokutana) ndo unanyonya zaidi. Asa ukiacha mlango wazi upande unaotoka upepo, unaingia ndani na kulisukuma bati toka chini, huku juu linavutwa, hapo unategemea nini? Kwa hiyo wale wanaosema fungua madirisha upepo upite wasikudanganye, funga yote. Na kingine, kasi ikiwa mara mbili nguvu inakua mara nne. Ndo maana lile angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 tunalizoea mpaka tunalidharau, ila likija dharuba la kilomita 80 hilo siyo mara mbili, ni mara nne.

Tunachosubiria sisi ni kimbunga chenye jina. Mei 2024 Hidaya ilivyokua inakuja kila simu inaongelea Hidaya, boti za Zanzibar zikasimama, watu wakajaza ndoo za maji, ikafika Mafia tarehe 4 ikapungua nguvu, basi wiki ya pili yake kila mtu kasahau bati lake linalolegea. Sisemi vimbunga havipo, Aprili 1872 kimoja kilipiga Zanzibar na huku Bagamoyo kikaharibu majengo ya misheni. Ila ni nadra, tuko karibu mno na ikweta. Kusi ndo linakuja kila mwaka bila kukosa, na linajua nyumba zetu.

Babu yeye hofu yake ni vyombo vya baharini. Anasema ngalawa ikivutwa kwa kupima maji ya jana ni kazi bure, kwenye bamvua (zile siku maji yanajaa sana) na upepo juu yake maji yanapanda kupita ulipozoea, kwa hiyo ivute mpaka kwenye majani, tanga livuliwe, na kasia lisiachwe ndani. Nimemuuliza kuhusu kwenda baharini asubuhi upepo ukitulia kidogo, akanitazama tu.

Haya lile kosa langu la tochi. Bati likianza kulia usiku usitoke, na usipande juu kuliwekea tairi au tofali, maana hilo tofali nalo litaruka. Kaa chumba cha katikati au koridoni mbali na vioo. Chini ya mnazi usikae, usipaki hata pikipiki, dafu halibishi hodi. Waya wa umeme ukidondoka hesabu una moto hata kama mtaa mzima umezima, na usiusogeze na mti mbichi ati hauna chuma.

Kwetu nilipanda mwenyewe siku ya shwari nikahesabu. Upande wa bahari misumari sita imetoka kichwa kwa kutu (hii chumvi bana), na kenchi mbili (mbao zinazobeba paa) zimekaa tu juu ya ukuta, hazijafungwa waya kwenye linta, ule mkanda wa zege wa ukutani. Jumamosi fundi kaja na kilo moja ya misumari, nikamwambia kingoni nataka kila mgongo wa bati upate wake, akanuna, akarudi dukani kwa bodaboda niliyomlipia mimi.