Uzoefu wangu wa kuongoza mijadala Finncon na Åcon

Ukifungua ratiba ya Finncon, kongamano la mashabiki wa hadithi za kisayansi na fantasia nchini Ufini, utakuta mihadhara, warsha za uandishi na onyesho la mavazi la Jumamosi jioni. Kinachojaza kurasa nyingi zaidi, hata hivyo, ni mijadala: watu watatu wanne nyuma ya meza wakibishana kuhusu vitabu, na mmoja wao anaongoza. Halipwi mtu. Wageni wa heshima hugharimiwa nauli na hoteli. Sisi wengine tunajitolea, tangu anayebeba viti mpaka anayepanga ratiba. Kazi ninayoifanya ni ya kuongoza, na ninachoweza kusema ni kwamba mjadala ukiharibika, mara nyingi umeharibika kabla wanajopo hawajaketi.

Huanza na pendekezo. Waandaaji hutangaza miezi kadhaa kabla ya kiangazi kuwa wanapokea mawazo, na fomu yao huuliza mambo machache tu: kichwa, maelezo, lugha, aina ya kipindi, na majina ya watu unaodhani wangefaa. Wengi hukosea kwenye kichwa, wanakipanua mno. "Fantasia ya Afrika" ni kichwa kibaya. Hakuna awezaye kulimaliza bara ndani ya robo tatu ya saa, na wanajopo wataishia kutaja vitabu kimoja baada ya kingine huku hadhira ikiandika orodha. Mimi hutafuta swali ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti. Chukua mfano huu. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani, mwaka 1951, ili apate nafasi ya kuzungumzia haki na utawala. Katama Mkangi naye katika Walenisi, mwaka 1995, alimrusha mhusika wake hadi sayari ya mbali. Wafini wana mkondo wao wanaouita suomikumma, unaochanganya maisha ya kawaida na maajabu, na mwandishi Johanna Sinisalo, aliyeshinda tuzo ya fasihi ya Finlandia mwaka 2000, aliliingiza zimwi la msituni ndani ya nyumba ya ghorofa mjini Tampere. Sasa swali linajileta lenyewe: kwa nini mmoja anayetaka kuisema jamii yake aihamishie angani, na mwingine ayalete maajabu hadi sebuleni? Hapo kuna ubishi. Msomaji wa Kifini asiyejua hata neno moja la Kiswahili ana la kusema, na mimi pia ninalo.

Maelezo huyaandika kwa maneno 50 hadi 70. Yakizidi, wahariri wa ratiba watayakata, na watakachokata kwa kawaida ni lile swali lenyewe, kwa kuwa wengi huliweka mwisho. Liweke katika sentensi ya kwanza. Kuhusu lugha, Finncon ina vipindi vya Kifini na vya Kiingereza. Kama Kifini chako ni cha sokoni tu, usiweke alama kwenye visanduku vyote viwili kwa adabu. Utapangwa kwenye jopo la Kifini, na mwongozaji anayefuata nusu ya maneno hawezi kumkatiza mtu kwa wakati.

Idadi ya wanajopo ni hesabu tupu. Kipindi cha saa moja kwenye ratiba nakihesabu kuwa dakika 45 za kuzungumza. Zinazobaki ni za watu kutoka na wengine kuingia. Ondoa dakika 3 za utambulisho, 10 za maswali ya hadhira na 2 za kufunga. Zimebaki 30. Watu watatu hupata dakika 10 kila mmoja, watu watano hupata 6, na hapo bado hujahesabu maswali yako mwenyewe. Wapanga ratiba hupenda kuongeza mtu wa tano kwa sababu kuna aliyeomba nafasi akakosa pa kuwekwa. Nakataa kwa upole na kupendekeza kipindi kingine kinachomfaa. Watatu na mwongozaji, hiyo ndiyo saizi nzuri, wanne inavumilika.

Kuwapata hao watatu si kazi ngumu kama unajua pa kutazama, maana jamii ya mashabiki Ufini imejengwa juu ya vyama na majarida yake. Chama cha Turku kilianzishwa 1976 na kinatoa jarida la Spin. Tampere wana Portti, Helsinki wana Tähtivaeltaja. Soma majina ya wanaoandika uhakiki humo, utakuwa na orodha ya watu wenye maoni na waliozoea kuyatetea. Njia nyingine ni zile jioni za baa ambazo mashabiki wa kila mji hukutana bila ajenda na wenyewe huziita mafia. Nenda, agiza soda yako, sikiliza nani anabishana vizuri bila kumkata mwenzake kauli. Napenda kuchanganya: mwandishi mmoja, mfasiri au mhariri mmoja, na msomaji mmoja aliyebobea. Ukiweka waandishi watatu, kila mmoja atakizungumzia kitabu chake, tena kwa haki kabisa, maana hiyo ndiyo biashara yake.

Wiki tatu kabla, natuma barua pepe moja kwa wote. Ndani yake kuna maswali manne, na kwa kila swali nimeandika nani ataanza na nani atafuata. Naomba pia mambo manne kutoka kwao: sentensi moja ya kujitambulisha, jinsi jina linavyotamkwa, jambo lolote wasilotaka kuulizwa, na vitabu ambavyo tunaruhusiwa kufichua mwisho wake. La matamshi lisidharauliwe. Kifini hukaza silabi ya kwanza, na irabu au konsonanti iliyoandikwa mara mbili huvutwa kweli. Mswahili aliyezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho atayavuruga majina ya watu mbele ya jamaa zao. Naandika kila jina kwa herufi ninazosoma bila kufikiri. Na kwa kuwa Kifini, sawa na Kiswahili, hakitofautishi wa kiume na wa kike katika viwakilishi, Wafini na sisi tunajikwaa palepale tukisema Kiingereza. Kwenye karatasi yangu kila mwanajopo ana kiwakilishi chake pembeni ya jina.

Kitu kimoja sikifanyi: sijadili majibu kwa barua pepe. Wakianza kubishana huko, wakifika ukumbini watakuwa wanarudia, na hadhira inatambua mara moja.

Siku yenyewe nafika dakika 15 kabla. Naangalia vipaza sauti viko vingapi. Viwili kwa watu wanne vinatosha iwapo vimewekwa kati ya wawili wawili. Kikiwa kimoja, nusu ya muda utaisha kwa kupokezana, na hapo ni heri kisimame kwenye stendi katikati ya meza na watu wasogee. Majengo hutofautiana sana. Kumbi za vyuo vikuu zina sauti safi lakini viti vimepanda ngazi na waliokaa nyuma wako mbali. Kaapelitehdas ya Helsinki, ambako Finncon imewahi kufanyika, ni kiwanda cha zamani cha nyaya, na kwenye kumbi za namna hiyo mwangwi humeza mwisho wa maneno. Humo nawaambia wanajopo waseme polepole kuliko wanavyoona ni lazima.

Mimi hukaa mwisho wa meza, kamwe si katikati. Ukikaa katikati unawageuzia mgongo wawili kila unapozungumza na wa upande wa pili, na huwezi kuona nani amevuta pumzi ya kutaka kusema. Meza naipinda kidogo, kama nafasi inaruhusu, ili wanajopo waonane. Vibao vya majina ni karatasi ya A4 iliyokunjwa mara tatu, imeandikwa kwa kalamu nene, herufi za sentimita 4 hivi, pande zote mbili. Upande wa ndani ni wa wanajopo wenyewe, ambao mara nyingi ndiyo kwanza wanakutana uso kwa uso. Maji lazima yawepo. Kiangazi cha Ufini kinaweza kuwa na joto, na majengo mengi yamejengwa kuhifadhi joto, siyo kulitoa.

Kiingilio cha Finncon ni bure, na imekuwa ikihamahama kati ya Helsinki, Turku, Tampere na Jyväskylä tangu ya kwanza mwaka 1986. Kwa mwongozaji, maana ya kutokuwa na tiketi ni kwamba hujui nani atakuja. Safu ya mbele anaweza kukaa mkongwe aliyesoma kila kitu, na nyuma yake familia iliyoingia kuona mavazi. Kwa hiyo ndani ya zile dakika 3 za mwanzo nataja mada kwa maneno ya kila siku, na kila kitabu kinapotajwa mara ya kwanza naongeza jina la mwandishi na sentensi moja. Viti vikijaa, mlango unafungwa. Wahudumu hawataruhusu watu kusimama ukutani au kukaa kwenye njia, hayo ni masharti ya usalama wa moto na si ukali wa mtu. Worldcon 75, kongamano la dunia la mashabiki hawa lililofanyika Helsinki Agosti 2017, iliwaonyesha wengi jambo hili: siku ya kwanza vyumba vilijaa, foleni zikatanda kwenye korido za jengo la maonyesho la Messukeskus, na waandaaji wakalazimika kutafuta nafasi zaidi. Ukiona mada yako inavuta watu, waambie wapanga ratiba mapema, wakati chumba kikubwa bado kinapatikana.

Sasa ukimya, ambao ndio mgumu kuliko yote. Mfini husubiri mwenzake amalize, kisha anasubiri kidogo zaidi ili awe na uhakika amemaliza. Mmarekani au Mwingereza akiona pengo hilo hulijaza. Matokeo yake, jopo lenye Wafini wawili na Mmarekani mmoja litakuwa mhadhara wa Mmarekani, na hatakuwa na kosa. Kwake kukaa kimya ni kuwaangusha wenzake. Kuwaambia Wafini wachangamke hakusaidii. Kinachosaidia ni utaratibu uliotangazwa: "Swali la pili, ataanza Fulani, kisha Fulani." Aliyetajwa wa pili anajua zamu yake inakuja, anapanga maneno, na akianza kusema husema mambo mazito. Msemaji mwingi nampa nafasi ya mwisho katika swali, ili ayajibu ya wenzake. Akizidi dakika 2, nashika kalamu na kuegemea mbele. Asipoona, nasubiri atamke jina la kitabu, nalirudia hilo jina, na kwa hilohilo nageuza swali kwa mwingine. Huku hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Kinachoudhi ni kuvuka muda, kwani kuna jopo jingine limesimama mlangoni.

Hadhira nayo ina ukimya wake. Ukiuliza "kuna swali?" hutapata mkono. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, usijaze hilo pengo kwa utani. Au anza na swali la kunyoosha mikono: nani amesoma kitabu cha namna hii mwaka huu? Mikono ikishapanda, wa kuuliza hupatikana. Kila swali nalirudia kwenye kipaza sauti kwa wasiosikia vizuri, na mtu akianza hotuba badala ya swali nalirudia kwa sentensi moja na kulipeleka kwa mwanajopo. Mhudumu aliye mbele hunionyesha karatasi ya dakika 5, kisha ya dakika 1. Asipokuwepo, saa yangu ya mkono iko mezani, siyo simu. Mwongozaji anayetazama simu huonekana amechoka.

Åcon, lile kongamano langu la pili la mashabiki, ni jambo jingine kabisa. Hufanyika Mariehamn, visiwa vya Åland, siku za sikukuu ya Kupaa, ambayo huangukia Alhamisi na kuwapa watu wikendi ndefu. Ilianza 2007, ni ndogo, iko ndani ya hoteli, na Wafini na Waswidi hukutana katikati ya bahari. Huko karibu kila mtu anafahamiana na kila mtu, kwa hiyo utambulisho naukata hadi dakika moja na maswali ya hadhira nayachanganya tangu mwanzo. Lugha ya jamii hapo ni Kiswidi ingawa ni ardhi ya Ufini, pesa ni yuro, na vipindi vingi ni vya Kiingereza. Meli ya asubuhi kutoka Turku huchukua kama saa tano. Ya kutoka Stockholm huchukua muda wa karibu huohuo. Waswidi wasahaulifu hukumbana na tatizo moja: Åland hutumia saa ya Ufini, saa moja mbele ya Stockholm. Mwanajopo aliyeacha saa yake ya mkono bila kuirekebisha atatokea wenzake wakifunga. Kwenye barua pepe yangu ya Åcon mstari wa kwanza ni saa ya kuanza, na pembeni nimeandika "saa ya Ufini". Mji huohuo umewahi kubeba mikutano mikubwa zaidi, Archipelacon ya 2015 ambayo mwandishi wa fantasia George R. R. Martin alikuwa miongoni mwa wageni, na Archipelacon 2 ya 2024 iliyokuwa pia Eurocon, yaani kongamano la mashabiki wa Ulaya. Kwa mikutano ya ukubwa huo tafuta kitanda mapema sana. Hoteli za Mariehamn zinahesabika.

Mjadala ukiisha, simami mezani kuzungumza na wanaokuja kuuliza. Nawaongoza hadi korido, tunaendelea huko, jopo linalofuata linapata meza. Karatasi yangu huwa na vitabu vyote vilivyotajwa, nimeviandika wakati wanasema, kila kimoja na jina la mwandishi. Jioni hiyohiyo nawatumia wanajopo orodha hiyo ili warekebishe tahajia, kisha nampa yeyote aliyeniomba. Kwa vitabu vya Kiswahili naongeza mwaka na mchapishaji, maana msomaji wa Helsinki au Uppsala atalazimika kuviagiza kupitia maktaba ya chuo kikuu, na bila taarifa hizo mkutubi hatakuwa na pa kuanzia.