Siku moja maishani mwangu: Harrier nyeusi, ndoo mbili na klia

Saa 12:30 asubuhi

Mwezi wa saba Mbeya haina huruma. Tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kwenye simtanki asubuhi hii yanakata vidole. Kijana ninayemfundisha kazi hii ya kusafisha na kutunza rangi za magari ameshawasha jiko la mkaa na kubandika sufuria. Hatuogopi baridi. Mkono uliokufa ganzi hausikii punje ya mchanga iliyonasa kwenye taulo, na punje moja inatosha kuharibu boneti nzima.

Maji yakipata uvuguvugu, nakagua mataulo ya maikrofaiba: ya bodi peke yake, ya vioo peke yake, ya rimu peke yake. Taulo likidondoka chini, kwa siku hiyo halirudi kwenye bodi, hata liwe jipya. Vumbi la huku kwetu si la kawaida. Sehemu kubwa ya udongo wetu imetokana na majivu na mawe mepesi yaliyorushwa na volkano za zamani za Rungwe na Ngozi. Chota vumbi kidogo pale Uyole ulisugue katikati ya vidole, utasikia linavyokwaruza. Halafu fikiria mtu anavyolisugua kwenye rangi ya gari kwa dodoki kila Jumamosi.

Saa 1:30

Harrier nyeusi imeingia. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele, anashinda barabarani kati ya Ubaruku, mjini na Tunduma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari yenyewe ndiyo hii. Kila wiki inaoshwa, lakini ikisimama juani naiona imezeeka kuliko mimi."

Nimemwomba ainame, atazame boneti kwa pembeni jua likiwa linaipiga. Mikwaruzo midogomidogo ya mzunguko imejaa mwanzo hadi mwisho, ndiyo inayoufanya weusi uonekane kijivu. Hakuna jiwe lililofanya vile. Ni kuoshwa kwenyewe: ndoo moja, dodoki moja, sabuni ya unga. Uchafu wa matairi unaingia kwenye ndoo, dodoki linaupandisha kwenye milango, na sabuni ya unga inaondoka na nta yote iliyokuwa inaikinga rangi.

Sisemi hivi kuwadharau vijana wa kuosha magari. Wanapewa dakika ishirini na elfu chache, gari nyingine iko nyuma inapiga honi. Kazi yao ni kutoa tope, na tope linatoka. Yangu ni kuitunza rangi yenyewe, na ndiyo maana nimemwambia mzee gari italala kwangu. Amenung'unika kidogo kuhusu bei, kisha ameniachia funguo na kupanda bajaji kwenda Mwanjelwa.

Saa 2:00

Tunaanza na rimu, ambazo zina ndoo yake na brashi zake. Nimezipulizia dawa ya kuyeyusha chembe za chuma na kusubiri. Baada ya muda mfupi rangi ya zambarau imeanza kuchuruzika kwenye kila rimu. Hiyo ni dawa inakutana na chuma kilichosagika kwenye breki, kikaruka kikiwa cha moto na kujichomeka. Anayeshuka mteremko wa Iwambi nyuma ya malori anajua breki zinavyonuka pale, na chembe zile zinatua hata kwenye boneti na bampa. Maji na sabuni haviziondoi.

Bodi tumeipaka povu zito, tukaliacha lilainishe vumbi bila kuguswa, kisha presha ikalisukuma lote chini. Hapo ndipo mkono unagusa gari kwa mara ya kwanza. Ndoo ya kwanza ina shampoo ya gari, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Ndani ya kila ndoo, chini kabisa, kuna kichujio, mchanga ukizama unabaki huko. Tunaosha kuanzia juu kwenda chini, mstari ulionyooka, hakuna kuzungusha mkono.

Maji yetu machafu yanaingia kwenye shimo lenye tabaka la kokoto na mchanga. Nawasihi wanaoosha magari mitoni waache. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kuna watu huko chini wanachota maji hayohayo.

Saa 4:00

Gari imekauka. Ukiitazama unaweza kusema kazi imeisha. Nimevalisha kiganja mfuko laini wa plastiki na kukipitisha juu ya paa: inakwaruza kama msasa. Lami, utomvu na mabaki ya wadudu vimeng'ang'ania. Kwa hiyo tunapuliza kilainishi na kupitisha donge la udongo maalumu, taratibu, bila kukandamiza. Donge limetoka na weusi wa lami, tunalikunja tupate upande safi na kuendelea. Kazi hii imekula karibu saa nzima.

Kisha geji ya unene wa rangi. Paa linasoma mikroni 115 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), boneti 121, milango ya kulia iko humohumo. Hizo ni namba za rangi ya kiwandani. Mlango wa nyuma wa kushoto: 290. Nimepima mara ya pili, nikapima chini yake, nikapima karibu na kitasa. Namba haikushuka.

Kumpigia mzee kumenipa uzito, kwa sababu aliyemuuzia alimhakikishia gari haijawahi kuguswa. Lakini siwezi kuipitishia mashine rangi ya mtu nikanyamaza kuhusu ninachokiona. Nimemweleza kwamba mlango ulirudiwa rangi, na kwamba geji haisemi kama ilikuwa ajali kubwa au mkwaruzo wa getini. Amekaa kimya, akauliza kama bado utang'aa. Utang'aa mzee, ila nitautendea kwa upole, maana sijui fundi aliyeupaka alitumia klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ya aina gani.

Saa 6:00 mchana

Dada mmoja ameleta IST, taa za mbele zimekuwa njano, usiku haoni mashimo. Taa hizi ni za plastiki, na jua la huku juu lina mionzi mikali inayoikausha plastiki kuanzia nje. Msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, kisha polishi, na mwisho kabisa kinga ya mionzi ya jua. Kuna wanaozisugua kwa dawa ya meno. Zinang'aa, ila bila kinga njano inarudi mapema.

Saa 7:30

Ndizi za Tukuyu na maharage. Kijana ametumia muda huu kumaliza ndani ya Harrier: pumba za mchele zilikuwa zimejaa hadi kwenye reli za siti, akazitoa kwa brashi ndogo na mashine ya kufyonza vumbi. Dashibodi ameifuta ikabaki bila mafuta. Wateja wengi hupenda dashibodi inayometameta. Mimi siipendi, inaakisi kwenye kioo cha mbele na inanasa vumbi upya.

Saa 8:30

Sasa mashine. Rangi ya gari ina klia juu, na klia ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mkwaruzo hauzibwi. Unaondoka kwa kupunguza klia inayouzunguka mpaka usawa wake, na klia iliyopunguzwa hairudi. Kwa hiyo kila nikiwasha mashine najua natumia akiba ya mteja.

Nimeanza na kipande kidogo cha boneti, kama nusu mita kila upande, kwa polishi laini na pedi laini. Nimefuta, nikawasha taa ya mkononi: mikwaruzo mingi bado ipo. Nimepanda hatua moja, kompaundi nyepesi, inayokata zaidi ya polishi. Hapo imekubali. Imebaki miwili mirefu yenye kina, na hiyo nimeiacha. Kijana ameuliza kwa nini tusiikandamizie mpaka iishe. Nimempa geji apime mwenyewe, kisha nikamwuliza gari hii mzee anataka kukaa nayo miaka mingapi. Amezima mashine na kuendelea na kipande kinachofuata.

Milango, paa, buti, bampa. Kwenye kingo tumebandika utepe, maana klia ya kwenye kona ni nyembamba zaidi na inaisha upesi. Mlango wa kushoto nimeufanya mwenyewe kwa pedi laini.

Saa 12:00 jioni

Mzee amerudi. Tumefuta bodi yote kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yasifiche mkwaruzo wowote, na nimempa taa atafute mwenyewe. Ameipitisha boneti yote. Ile mikwaruzo miwili ameiona, nikamweleza sababu ya kuiacha. Kisha amesimama muda mrefu kwenye ule mlango.

Kinga ya seramiki, ile ya maji inayokauka ikawa ganda gumu juu ya klia, hatupaki leo. Jua linazama, baridi imeanza kushuka kutoka mlima Loleza, na seramiki inataka bodi isiyo baridi wala umande. Gari inalala ndani. Kesho saa 4 jua likipasha banda tutapaka. Keshokutwa ataichukua, akae wiki moja bila kuigusa kwa sabuni. Nimemwambia siku ya kuosha aende kwa vijana walewale aliowazoea, ila abebe ndoo zake mbili na glavu yake. Ameuliza glavu zinauzwa wapi, nikampa moja ya kwangu mpya.