Kumbukumbu ya mradi wangu: beringi ya poshomili imekubali kusikika

Imekubali. Jumamosi jioni, nimechuchumaa nyuma ya mota ya poshomili pale Kawangware, Nairobi, unga umenijaa hadi kwenye kope, laptopu iko juu ya gunia la mahindi, na grafu ikatoa vilele vitatu vilivyopangana kama nguzo za stima: 75.4 Hz (yaani mapigo 75.4 kwa sekunde), 150.8 Hz, 226.2 Hz. Vilele hivyo, dalili ya kidonda ndani ya beringi ya mota, nimevitafuta tangu Februari. Naandika usiku huu huu kabla sijasahau hatua, na pia kwa sababu mengi niliyoandika kwenye kumbukumbu ya Machi hayakuwa kweli na inanibidi niyasahihishe.

Mota ni ya kilowati 7.5, fezi tatu, poli nne, inazungusha kinu kwa mikanda mitatu. Beringi ya upande wa puli ni ya aina inayoitwa 6308. Fundi anayekihudumia kinu hicho, mzee aliyeshika spana kabla sijazaliwa, alisema mapema kwamba beringi inalia. Huchukua bisibisi refu, ncha anaigusisha kwenye kifuniko cha beringi, mpini anaukaza kwenye sikio, anafumba macho. "Hapa kuna kidonda, kijana wangu. Ni kidogo, lakini kipo." Nami niliazimia kwamba kifaa cha chini ya shilingi 3,000 kisikie anachosikia yeye. Mzee ana vinu vingi vya kuzungukia, na mota ikikwama siku ya foleni, wateja huenda kwa jirani na wengine hawarudi.

Sasa nije kwenye kilichonitesa. 6308 ina gololi 8. Kipenyo cha gololi ni milimita 15.08, na duara linalopita katikati ya gololi lina milimita 65. Hesabu ya vipimo hivyo inatoa hivi: gololi hupita juu ya sehemu moja ya pete ya nje mara 3.07 kwa kila mzunguko wa shafti, na pete ya ndani mara 4.93. Nilichokidharau ni hiyo 3.07. Iko jirani mno na 3, na shafti yoyote ambayo puli zake hazijalingana sawasawa inaweza kutoa kilele cha mara 3 ya mzunguko wake hata kama beringi ni mpya kutoka kwenye boksi.

Mota ikizunguka bila mahindi nasoma mizunguko 1,476 kwa dakika, yaani 24.6 Hz. Mara 3 yake ni 73.8. Kidonda cha pete ya nje kinatarajiwa 75.6. Tofauti haifiki hata 2 Hz. Na mimi nilikuwa nachukua sampuli 512 kwa kasi ya 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila mstari wa FFT, ile hesabu inayoutenganisha mtetemo katika Hz zake, ulikuwa na upana wa karibu 2 Hz. Vitu viwili vililala kitanda kimoja, nami Machi nikatangaza kwamba nimepata kidonda. Ile ilikuwa puli. Kama kuna mtu alinunua vifaa kwa kutegemea kumbukumbu ile, naomba radhi.

Nikaongeza urefu wa rekodi hadi sekunde 20, ili mstari uwe mwembamba wa 0.05 Hz. Mambo yakaharibika zaidi. Mama mwenye kinu akimimina debe la mahindi, mota inalemewa na kushuka hadi 1,445. Hapo mara 3 ya shafti inakuwa 72.25 na kidonda kinahamia 74.0. Tazama vizuri: 73.8 ya puli mota ikiwa tupu, na 74.0 ya kidonda mota ikiwa na mzigo. Ndani ya sekunde 20 mahindi yanaingia, yanaisha, mwendo unapanda, unashuka, na kila kilele kinatandazika kama uji uliomwagika mezani. Siku tatu nimekaa na faili moja nikilikata vipande vipande, kila kipande nakihesabia mwendo wake, na bado sikuweza kuapa kwamba ninachokiona ni beringi.

Ikabidi niombe kinu kizungushwe kitupu kwa dakika moja. Hilo si ombi dogo. Kuna foleni, na stima inalipiwa. Mama alinipa nafasi jioni baada ya mteja wa mwisho. "Dakika moja tu, mwanangu, tokeni zinakimbia." Nikarekodi. Kilele cha 73.8 kimesimama wima, chembamba, safi kabisa. Pale 75.6, tambarare.

Fundi akashauri tutoe mikanda, tuisikilize mota peke yake. Tukatoa. Puli ikanyamaza kama tulivyotaka, lakini na kidonda kikanyamaza nayo. Hata yeye kwa bisibisi lake alitikisa kichwa akasema kimelala. Wiki nzima niliamini kwamba tumekosea kabisa na tatizo liko kwenye kinu. Kumbe mikanda ndiyo inayoivuta shafti upande mmoja na kuzikandamiza gololi kwenye sehemu moja ya pete ya nje, na kidonda kiko hapo hapo panapobeba mzigo. Ukiondoa ule mvuto, gololi inapita juu ya shimo bila kuligonga kwa nguvu. Kwa hiyo anayetafuta kidonda cha pete ya nje kwenye mota ya mikanda, aache mikanda mahali pake.

Jibu lilikuwa mkononi mwa fundi siku zote. Gololi ikigonga ukingo wa shimo haitoi sauti ya 75 Hz. Inatoa pigo fupi sana, na pigo hilo linaiamsha pete, kifuniko na gamba zima la mota vilie kwa sauti yao wenyewe, ambayo kwenye mota hii iko karibu na 4,000 Hz. Mlio unafifia, gololi inayofuata inagonga tena. Ni ngoma. Sauti ya ngozi ni kitu kimoja, mapigo ya mpigaji ni kingine, na ukichunguza sauti ya ngozi peke yake hutajua mikono ilishuka mara ngapi. Miezi miwili nilikuwa naitafuta 75 kule chini ambako nguvu yake ni hafifu na puli imetawala, ilhali mapigo yalikuwa yamebebwa na mlio wa juu. Sikio la mzee husikia ule mlio wa juu likahisi jinsi unavyokwaruza. Vihisi vyangu vilikuwa viziwi kwake.

Hapa niseme wazi kuhusu vihisi, maana nimetumia pesa. MPU6050, kihisi cha mwendo cha bei nafuu, ni nzuri kwa droni, lakini upande wake wa mtetemo unaishia 260 Hz. Kwa beringi msiinunue. ADXL345, kihisi kingine cha mtetemo, hufika sampuli 3,200 kwa sekunde, yaani inasikia hadi 1,600 Hz, tena lazima uiunge kwa SPI, njia ya waya yenye kasi; kwa njia ya polepole zaidi, I2C ya 400 kHz, waliounda wenyewe wanashauri usizidi 800. Ni kihisi kizuri kwa puli iliyopinda, feni isiyo na mizani, mguu wa mota uliolegea. Hakiwezi kusikia 4,000. Na sumaku! Nilikuwa nabandika kihisi kwa sumaku juu ya rangi, juu ya uso wenye mbonyeo, na milio ya juu yote ilikuwa inafia hapo. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka gundi kali tone moja, subiri.

Jambo jingine linaloniuma ni namba moja ya jumla ambayo watu hupenda kuitegemea. Jedwali la ISO 10816-1, kiwango cha kimataifa cha mtetemo ambacho mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-1, kwa mashine ndogo, hadi kilowati 15, liliruhusu mashine iendelee na kazi bila wasiwasi ikiwa mtetemo uko chini ya 1.8 mm/s. Mota hii ilikuwa na 1.5. Mtu angekuja na kipimo chake, aandike kwamba mota ni nzima, aondoke, na beringi inaliwa ndani. Namba ile hupima mwendo wa mashine nzima. Kidonda cha beringi kikiwa bado kichanga hakina nguvu ya kuutikisa mwili wote.

Kilichofanya kazi ni kisahani cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, cha milimita 27, kile cha ndani ya kengele, cha shilingi 50 kutoka Luthuli Avenue. Nimekigandisha kwa gundi kwenye kifuniko cha beringi, waya wa maikrofoni wenye wavu, dayodi mbili za kuzuia piezo isiunguze kitu, kisha kadi ya sauti ya USB kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Kuna uzuri ambao sikuupanga. Kisahani kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 20, na mlango wa maikrofoni wa kadi yangu una ukinzani wa kama kilo-ohm 5. Vikiungana vinafifisha yaliyo chini ya 1,600 Hz hivi. Kwa anayerekodi gitaa hiyo ni hasara. Kwangu, ngurumo yote ya 50 na 100 Hz ya stima, pamoja na puli, inazuiwa mlangoni.

Baada ya hapo ni mistari michache ya programu ya Python: chuja ubaki na 3,000 hadi 5,500 Hz, pitisha kwenye Hilbert, hesabu inayofuata kupanda na kushuka kwa nguvu ya mlio, chukua umbo la nje la wimbi, ondoa wastani, piga FFT ya umbo hilo. Vilele vitatu vikasimama. 75.4 badala ya 75.6 haikunisumbua, kwa sababu gololi huteleza kidogo badala ya kubingirika tu. Cha maana ni kwamba 75.4 kwa 24.6 ni 3.065. Hakuna kitu kilichofungwa kwenye shafti kinachoweza kukaa kwenye 3.065. Nilimwita fundi, nikamwonyesha. Akaitazama grafu, akanitazama, akachukua bisibisi lake akasikiliza tena. "Ni kweli."

Nyongeza, Jumanne usiku.

Tumeibadilisha. Nimenunua 6308 ZZ C3 Kirinyaga Road; ZZ ni vifuniko vya chuma pande zote mbili, C3 ni nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko ya kawaida. Fundi alisisitiza hiyo C3, kwa kuwa mota ikipata moto pete ya ndani hutanuka na gololi zinahitaji nafasi ya kupumua. Aliigongea kwenye shafti kwa kipande cha bomba kinachogusa pete ya ndani pekee. Ukigonga pete ya nje, gololi zinachapa alama kwenye njia yao na umeizeesha beringi kabla haijazunguka.

Ile ya zamani nimeikata kwa grainda na kuiosha kwa mafuta ya taa. Njia ya pete ya nje inang'aa kama kioo, isipokuwa sehemu moja, upande ule ule mikanda inakovutia. Pana shimo la ukubwa wa punje ya ufuta, kingo zake zimechongoka, ndani pana rangi ya majivu. Ukipitisha ukucha unakwama. Nimekaa nalo mkononi muda mrefu. Shimo hilo dogo ndilo lililonipeleka hospitali ya hesabu tangu Februari.

Rekodi ya beringi mpya haina kitu kwenye 75, na nimeihifadhi kama kipimo cha mwanzo: jioni, mota ikiwa ya moto, kinu kitupu. Kila kipimo kijacho kitafanywa katika hali hiyo hiyo. Hilo nimelichukua kwa watu wa madaraja. Daraja la Z24 kule Uswisi lilipimwa karibu mwaka mzima kabla wahandisi hawajaliharibu kwa makusudi hatua kwa hatua mwaka 1998, na masafa yake ya mtetemo (Hz zake) yalikuwa yanapanda yenyewe lami ilipoganda kwa baridi. Bila kujua hali ya hewa ungedhani daraja limebadilika.

Awali niliahidi kwamba hatua inayofuata ni sanduku la kumtumia Mama mwenye kinu ujumbe kwenye simu beringi ikianza kulia. Nimelisimamisha, kwa sababu Jumapili nilijaribu kuicheza rekodi ya Jumamosi ikiwa imepunguzwa mwendo mara 20, na tangu hapo sina fikra nyingine. Mlio wa 4,000 Hz unashuka hadi 200, mapigo yanakuwa kama manne kwa sekunde, na unasikia ngoma kabisa, du, du, du, du, kila gololi ikifika.

Leo nimempa fundi spika za masikioni. Amesikiliza beringi ya zamani huku kidole kinagonga debe tupu, sawasawa na mapigo. Nikamwekea mpya, kidole kikatulia. Kisha faili likaruka lenyewe hadi linalofuata, ambalo nilikuwa nimelirekodi kwa upande wa kinu nikijaribu tu waya. Kidole kikaanza tena, polepole zaidi.

"Na huyu ni nani?"

Beringi ya upande huo bado sijajua ina gololi ngapi. Kesho jioni, baada ya mteja wa mwisho, tunafungua kifuniko.