Kwani moyo siku hizi uko mguuni?

Jumamosi, na bado namsikia. Jumanne jioni, baada ya sisi kumtibu moyo mjukuu wake hospitalini, bibi alifunua gauni la mtoto, akapitisha kiganja kifuani, akaniuliza, "Mshono uko wapi?" Nikamjibu, "Tumepitia kwenye paja, bibi." Akanitazama. "Kwani moyo siku hizi uko mguuni?"

Nikamwambia daktari atamweleza, nikatoka. Wageni wa wizara wamekuja wakaondoka, mtambo wetu wa picha uliolala wiki tatu umewaka, mimi nimebaki na swali hilo.

Jibu alilostahili ni hili. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo kuna mshipa mfupi unaotoa damu kwenye njia ya mapafu na kuimwaga kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Akizaliwa, hujifunga wenyewe ndani ya siku chache. Wa mjukuu wako, bibi, haukujifunga. Damu ya aota ina nguvu zaidi, ikawa inarudi mapafuni. Ndiyo sababu anahema akila, na ana miaka miwili na nusu lakini kilo 11 tu.

Tiba yake ni kuuziba kwa kizibo, na mishipa ya paja hufika moyoni bila kukatika, ndiyo maana tukapitia huko. Tulidunga kinenani vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na ateri, unaoitoa, tukampa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, uniti 100 kwa kila kilo, tukamwaga dawa ya picha kwenye aota na kupima kwa picha ya ubavuni. Penye wembamba kabisa pa ule mshipa palikuwa milimita 3.2. Kizibo hutakiwa kuzidi hapo kwa walau milimita 2, kwa hiyo tulichukua cha 8/6, yaani milimita 8 upande wa aota na 6 upande wa mapafu, si cha 6/4. Kikiwa kidogo, damu hukisukuma hadi kwenye mshipa wa mapafu, ukaanza kukivua kwa kitanzi. Kikiwa kikubwa mno, hubana aota au mshipa wa pafu la kushoto.

Katheta, mrija mwembamba, ilipanda kwa vena, ikapita vyumba viwili vya kulia vya moyo, ikavuka ule mshipa hadi aota. Kizibo ni waya wa nikeli na titani uliosukwa; hunyooka ndani ya mrija wa milimita 2, kikitoka hurudia umbo lake. Sahani iliyo mbele ya kizibo ilifunguliwa ndani ya aota, ikavutwa mpaka ikagota kwenye mdomo wa ule mshipa, ndipo mwili wake ukafunguka. Tukasubiri dakika 10, tukapiga picha tena, ndipo skrubu inayokishika kizibo kwenye waya wa kukisukumia ikafunguliwa. Dakika hizo hazipunguzwi: kabla ya skrubu kuachia, kizibo hurudishwa ndani ya mrija kwa kuvuta tu.

Na kuna ya kuangalia, ambayo pia sikumweleza vizuri. Mguu ukae umenyooka saa sita. Unyayo ukipoa, tuite. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, tuite haraka, kwa sababu upenyo uliobaki hurusha damu kwa kasi na kupasua chembe zake.

Jumatano, eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikiwa safi, bibi alimbeba mgongoni kwa kanga. Akasimama mlangoni muda mrefu.

"Alikuwa ananitetemesha mgongo," akasema. "Kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Leo kimya."

Mtetemo ule sisi huutafuta kwa kiganja. Yeye ameusikia mgongoni tangu mtoto ana miezi, na hakuna aliyemuuliza. Nilifurahi mpaka nikashindwa kumjibu tena.